Kiti cha Mkuu na Kijiko Kimoja cha Maji

Jumatatu, 3 Machi

Leo Shemeji amepigiwa makofi maabara. Makofi! Kwa kikopo cha mafuta! Mimi napika mafuta ya kuokea katika kiwanda hiki tangu yeye anakojoa kitandani, na sijawahi kupigiwa hata kofi moja, labda lile la mgongoni siku niliyopaliwa na chai.

Niandike yote, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Mkuu wa Maabara anastaafu. Ijumaa atamtangaza atakayechukua kiti chake. Kiti chenyewe kina magurudumu na kinazunguka. Nimekikalia mara nyingi Mkuu akiwa msalani. Kinaufaa mgongo wangu. Kimeshanizoea.

Kuna tatizo dogo. Mwezi jana nilimwambia mama mkwe kwa simu kwamba nimeshapewa. Ilinitoka tu. Alikuwa amemsifu mwanawe mpaka sikio likapata moto, nikaona na mimi niseme kitu. Sasa anakuja Ijumaa kumwona mkwe wake kitini.

Na huyo mwanawe ndiye Shemeji! Mdogo wake mke wangu. Amerudi masomoni, akaajiriwa kwetu, na mpaka apate nyumba analala chumba changu cha kupigia pasi. Kazini namwona, nyumbani namwona. Anakalia upande wangu wa kochi. Ananiita Shem kwa upendo wa kweli, jambo linaloniudhi kuliko yote.

Mimi napika kwa Bibi. Bibi ni tangi la chuma, tunamwita hivyo kwa sababu ni mzee na akipata moto ananung'unika. Natia mafuta magumu, natia mafuta mepesi, natia dawa yangu ya unga, nakoroga, yanatoka mafuta ya biskuti. Sharti ni moja: Bibi hataki maji. Tone likiingia, dawa inakufa na mafuta yanageuka sabuni. Kama kuna kitu ninachokijua duniani, ni hicho.

Shemeji ana Bi Harusi. Bomba nene linalong'aa, lina saa za presha, na kila jioni analifunika shuka jeupe. Hatii dawa. Anatia punje ndogo kama za mtama zilizobebeshwa kimeng'enya, aina ya chachu inayofanya kazi ya dawa yangu. Kisha anachukua hewa ukaa, hii hii inayotoa povu kwenye chupa ya soda, anaibana na kuipasha joto mpaka inakuwa si hewa si maji. Inayabeba mafuta na kuyapitisha kwenye punje. Kimeng'enya kinakata mikia ya mafuta haya na kuipachika kwenye mafuta yale. Mwisho analegeza presha, hewa inajiendea zake, mafuta yanabaki safi. Hakuna moshi. Hakuna kuosha. Hata kijasho hakimtoki!

Mkuu alionja mafuta ya kikopo hicho cha wiki iliyopita akafumba macho. Yangu anayaonja macho wazi.

Wakati wa chakula cha jioni Shemeji alitueleza, sauti chini, kwamba tangu kile kikopo kimeng'enya chake kimechoka. Kinasuasua. Hajui kimepatwa na nini. Mke wangu akamwongezea nyama. Mimi nikisema nimechoka naambiwa nikatoe takataka.

Kimechoka! Nilikaribia kuimba. Lakini akasema huenda kikaamka kabla ya Ijumaa. Hiyo "huenda" imenikaa kooni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki. Maji!

Kama Bibi, na uchuma wake wote, hastahimili tone, Bi Harusi atastahimili nini, na madoido yake yale? Anayesuasua nitamlaza kabisa.

Mchana Shemeji alishusha presha, akafungua kifuniko, kisha akataka kwenda kula. Akaniomba nimwangalizie mtambo. Aliniomba mwenyewe! Nikamwambia asiwe na shaka, ale taratibu, atafune vizuri.

Kwenye sinia la chai kuna kijiko chenye mpini uliopinda. Nikakijaza maji. Kijiko kimoja tu. Punje zikayanywa kimyakimya. Nikafunika, nikafuta mikono, nikarudi kwa Bibi napiga mluzi.

Shemeji alirudi na kipande cha keki alichoniwekea. Nilikila. Kilikuwa kitamu, nikazidi kukasirika.

Jioni nilijaribu sauti ya Mkuu mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama kifua kinanibana.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwisha.

Asubuhi Shemeji akawasha mtambo wake. Nikavuta kigoda nipate kuona vizuri aibu yake. Mafuta yakaanza kutoka. Nikangoja yatoke sabuni. Yakatoka meupe, laini, yamesimama wima kwenye kijiko, na ulimini yakayeyuka kama hayajawahi kuwepo. Hayo si maneno yangu, ni ya Mkuu. Aliyapaka kwenye mkate mkavu, akala kipande, akala kingine, akamkumbatia Shemeji. Akamkumbatia! Mimi siku niliyofunga ndoa alinipa mkono tu.

Shemeji alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akawa anasema hajui amefanya nini tofauti. Hajui! Halafu akaja kunishukuru mimi kwa kumwangalizia mtambo.

Nikaenda kukaa stoo juu ya gunia. Nikafikiri. Mafuta ni yale yale, punje ni zile zile, presha ni ile ile. Kilichoongezeka ni kijiko changu. Kumbe dawa yangu mimi inakufa kwa maji, lakini kimeng'enya chake kilikuwa kinakufa kwa kiu! Mtaalamu mzima na shahada yake hakuliona hilo. Nimeliona mimi, kwa kijiko kilichopinda.

Kwa hiyo makofi yale ni yangu. Kumbatio lile ni langu. Na siwezi kudai hata moja! Nikisema nimetia maji, wataniuliza kwa nini nilitia maji.

Nimemwonea wivu mtu huyu kwa kusoma, kwa nywele zake, kwa namna mke wangu anavyomkatia tunda. Sasa namwonea wivu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe. Sikujua jambo hilo linawezekana.

Jioni alileta nyumbani kopo la mafuta hayo. Mke wangu akaoka biskuti, akasema hajawahi kuoka biskuti zinazovunjika kwa adabu kiasi hicho. Nilisusa. Walipotoka sebuleni nikamaliza sahani. Kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna Mungu! Kimeng'enya kimechoka tena.

Nilikuwa nimelitegemea hilo. Ile hewa ukaa ni kavu, kila inapopita inazifyonza zile punje maji kidogo kidogo. Kufikia mchana ilikuwa imeshakinywa kijiko changu chote. Mafuta yakaanza kutoka mepesi, yanatiririka. Shemeji akakaa sakafuni mbele ya Bi Harusi, kichwa mikononi.

Kisha akanijia. Akasema Shem, wewe ni mkubwa wangu katika kazi hii, unaonaje. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikiri kwamba roho ilinilegea kidogo. Kama kungekuwa na Ijumaa mbili, moja ningempa.

Nikamwambia tatizo ni unyevu. Azitoe punje, azikaushe kwenye kabati la joto mpaka asubuhi, zikauke kabisa, ziwe kavu kama mfupa. Alinishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa mpango. Kesho anakuja Bi Mikate, mwenye tanuri kubwa kuliko yote mjini, kuchagua atanunua mafuta ya nani. Mkuu amesema atakayechaguliwa na Bi Mikate ndiye atakayekalia kiti. Shemeji atawasha mtambo, utamwaibisha. Watu watainamisha vichwa. Hapo nitasimama. Nitatembea polepole. Nitachomoa kijiko. Nitauponya mtambo mbele ya macho yao wote, kisha nitamwonyesha Bi Mikate mafuta ya Bibi pia, achague anachotaka. Mitambo yote miwili itakuwa yangu!

Nimemwomba mke wangu anipigie pasi shati jeupe. Amesema yeye na mama yake watapita kiwandani na biskuti zilizobaki kwenye kopo, za kumpongeza Mkuu mpya. Nikamwambia vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye beseni. Harufu haitoki.

Mwanzo ulikwenda kama nilivyopanga. Bi Mikate alifika, mwanamke mnene, mkimya, mwenye kilemba cha hariri. Mkuu alisimama na miwani yake mipya. Nilikuwa nimeshampasha Bibi moto, amenung'unika vizuri, mafuta yanaiva. Nikaweka jagi la maji kwenye rafu iliyo pembeni mwa Bibi, karibu na mkono, tayari kwa saa yangu.

Mama mkwe akaingia na mke wangu, kopo la biskuti kwapani. Akanisalimu kwa sauti, mbele ya kila mtu: Mkuu wetu! Mkuu halisi akageuka, akadhani anaitwa yeye, akaitika. Sikusahihisha chochote.

Shemeji akawasha. Punje zake zilikuwa zimekauka mpaka zinalia kama njuga. Yakatoka mafuta yale yale aliyoyatia, hayajabadilika hata kidogo. Bi Mikate akachovya kidole, akakifuta kwenye leso. Mama mkwe akaacha kutabasamu.

Ndipo nikasimama.

Nilisema maneno mazuri. Nilisema sayansi inataka subira. Nilisema mtambo huu una kiu, na leo mtaona. Shemeji akashusha presha na kunifungulia kifuniko, ananitazama kama anayemtazama daktari. Nikachomoa kijiko mfukoni.

Sasa hapa ndipo sielewi kwa nini dunia hainipendi. Kijiko kilionekana kidogo. Watu wamejaa, Bi Mikate ananitazama, mama mkwe ananitazama, na mimi nimeshika kijiko cha chai! Nikafikiri kama kijiko kimoja kilileta kumbatio, kikombe kizima kitaleta nini. Nikachukua jagi, nikamimina kikombe. Na kidogo cha ziada. Nikarudisha jagi rafuni. Shemeji akaninong'oneza kama hayajawa mengi. Nikamwambia anyamaze, wakubwa wanafanya kazi.

Presha ikapanda. Yakaanza kutoka. Harufu ilitangulia. Uchachu, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye gari. Maji mengi yale hayakukipa kimeng'enya nguvu ya kupachika mikia, yalikifanya kiikate tu na kuiacha inaelea. Bi Mikate akarudi nyuma hatua.

Kisha likatoka donge moja, mafuta yakakoma. Kimya. Hewa ukaa ikitoka kwenye presha inapoa ghafla, na maji yangu yalikuwa yameganda barafu kwenye koki ya kutokea. Shemeji akapiga kelele tusogee. Mimi nikaigonga koki kwa kijiko.

Siku zote nitaikumbuka sauti ile. Koki ilizibuka na mpira wa kutolea mafuta ukachomoka, ukaanza kucheza chumba kizima. Ukatema theluji. Theluji nyeupe ya hewa ukaa na mafuta yaliyochacha! Kwenye shati langu. Kwenye miwani mipya ya Mkuu. Kwenye kilemba cha hariri. Ukalipiga jagi pale rafuni. Jagi likaanguka ndani ya Bibi.

Ndani ya Bibi!

Shemeji alifunga mtungi wa hewa ukaa, mpira ukalala. Hakuna aliyeumia. Nikakimbilia kwa Bibi, nikachungulia. Povu. Amegeuka sabuni mbele yangu, maskini mzee wa watu, baada ya miaka yote ile.

Mama mkwe peke yake hakushtuka. Alifikiri labda ndivyo maabara zilivyo. Akafungua kopo, akampa Bi Mikate biskuti, akasema ajipoze. Bi Mikate alikula moja huku anajifuta kilemba. Akaacha kujifuta. Akala ya pili. Akauliza hizi zimeokwa kwa mafuta gani. Mke wangu akasema ni ya Jumatano, ya mdogo wake.

Mkuu akavua miwani. Akauliza Jumatano palifanyika nini ambacho leo hakikufanyika. Shemeji akatazama kijiko mkononi mwangu. Nikaona anafikiri. Nikaona anapata. Akasema, polepole, kwamba Shem alijua kuhusu maji. Shem alijuaje?

Wote wakanigeukia. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba Jumanne mchana nilifanya jaribio dogo la kisayansi. Kijiko kimoja. Nilikuwa nimesubiri wakati mwafaka wa kulitangaza. Mama mkwe akapiga vigelegele. Kwa sekunde chache kiti kilikuwa changu, nilikihisi mgongoni.

Kisha Mkuu akauliza: kama nilijua tangu Jumatano kwamba punje zinataka maji, ni nani aliyemwambia kijana azikaushe jana?

Mdomo wangu ulikauka kuliko punje.

Shemeji akajibu kabla yangu. Akasema Shem alitaka ajifunze mwenyewe, ndivyo anavyomfundisha, hata nyumbani. Alisema hivyo bila kupepesa. Nilitamani anitukane. Mkuu alinitazama muda mrefu, mafuta yanamdondoka nyusi, kisha akampa Shemeji mkono na kumwambia kiti kina mlio kidogo upande wa kushoto, atie grisi.

Najua kina mlio. Nilishawahi kukitia grisi mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe ana furaha. Amesema la msingi kiti kimebaki ndani ya familia. Hajauliza kuhusu ile simu. Anajua, na anajua kwamba najua anajua, na anazidi kunijazia sahani.

Mke wangu hana furaha hiyo. Asubuhi amenipa chai bila kijiko. Nilipouliza kilipo, akaniambia nimeshatumia vya kutosha wiki hii.

Mchana Shemeji alikuja kukaa nami kibarazani. Ameniachia upande wangu wa kochi, amepata chumba, anahama mwisho wa mwezi. Akasema hajali nilichokusudia, kijiko kile kimeokoa kazi yake. Kisha akaniambia Bi Harusi anahitaji mtu wa kumnywesha maji kila siku, kwa kipimo, bila kuzidisha. Akaomba niwe mimi. Msimamizi wa Unyevu. Atanibandikia jina mlangoni.

Nikasema nitafikiri. Nikafikiri mpaka alipomaliza kikombe chake, nikakubali. Alipoondoka nililia kidogo. Huyu kijana ni mtu mwema. Nimekuwa mjinga, na wivu ni ugonjwa. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nimepona. Mke wangu akasema tutaona.

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema ajabu! Kijiko nimekifunga uzi, nakivaa shingoni. Kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja baada ya chakula. Mafuta yanatoka kama hariri. Wafanyakazi wa stoo walikuja kuniangalia ninavyonywesha. Mmoja alipiga makofi! Nilimpa Shemeji mkono kwa moyo mweupe kabisa. Kiti kinamfaa. Sina kinyongo na mtu yeyote duniani.

Saa za jioni likaja boksi. Dogo, kama la viatu. Shemeji akalifungua kama anafungua zawadi. Ndani kuna kipampu. Kinatosha kiganjani. Akaeleza kwamba kinadondosha maji chenyewe, tone kwa tone, usiku na mchana, hakikosei, hakichoki, hakiendi kula. Kesho kinafungwa. Mimi nitakuwa nakiangalia tu.

Mkuu mstaafu alikuwa amepita kuchukua mwavuli wake. Akakishika, akafumba macho. Akasema ni kitu kizuri sana.

Kizuri! Kina nini cha uzuri? Kina mgongo? Kimewahi kuota kiti? Wote wamekizunguka, wanakisikiliza kinavyolia tik tik, mmoja anasema ni kitulivu. Mimi ni mtulivu! Hakuna aliyewahi kusema!

Nimesoma karatasi iliyokuja nacho. Maji yawe safi kabisa, imeandikwa, na hasa yasiwe na chumvi.

Kesho mchana wakienda kula, Shemeji ameniomba nikiangalie. Ameniomba mwenyewe. Chumvi ipo kwenye sinia la chai.

Kijiko kimoja tu.